Siku ya Kuuza, Nani Atanunua?

Jumamosi iliyopita nilipanda Kamachumu. Nasema nilipanda kwa sababu ukitoka Bukoba kwa Haisi ukafika Muhutwe, ukaiacha barabara kuu, kilichobaki ni mlima. Injini inaguna, kondakta ananyamaza, kila abiria anashika kifurushi chake. Halafu mlima unaisha, migomba inakufunika pande zote, baridi inakupiga shingoni, na ukigeuza kichwa unaliona ziwa kule chini ulikotoka.

Nilikwenda kumsalimia mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi. Sasa ni mzee wa miaka 71. Alistaafu mwaka 2014, lakini mpaka leo akikuona anakuuliza saba mara nane kabla hajakuonyesha kiti. Mkewe alituletea akamwani kwenye kikapu kidogo, tukawa tunatafuna buni moja moja na kuulizana habari za mvua na bei ya kahawa. Baadaye mzee akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2019 lakini kila mzee amejifichia mmoja kwa ajili ya nyaraka. Ndani mlikuwa na hati mbili za hisa.

Hati ya kwanza ni ya CRDB. Alinunua mwaka 2009, benki hiyo ilipouza hisa zake kwa umma kwa shilingi 150 kila moja. Alichukua hisa 2,000, jumla shilingi 300,000, fedha alizokuwa amezitenga kwa mabati ya jikoni. Hati ya pili ni ya kampuni ndogo, na jina lake nitalimeza. Alinunua mwaka 2015, baada ya kulipwa kiinua mgongo: hisa 4,000 kwa shilingi 500 kila moja, yaani milioni 2. Waliomshawishi walimwambia kampuni ndogo ndiyo inayokua haraka, na mtu mzima anayeona mbali hununua mche badala ya mti.

"Sasa mwanangu," akaniambia, "mama yako hapa anatakiwa kupasuliwa jicho. Nimempigia dalali wa hisa auze hizi za mche. Ni mwezi wa tano huu. Kila nikipiga ananiambia, Mwalimu, oda yako iko kwenye ubao. Iko kwenye ubao! Haijauzwa hata moja."

Hadithi ingeishia hapo, ningesema pole, nikaondoka na mkungu wangu wa ndizi. Lakini wiki hiyo hiyo nilikuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu ambao sikuwa nimeujibu. Umetoka kwa binti wa shangazi yangu, mzaliwa wa Kamachumu hiyo hiyo, ambaye ni muuguzi Minneapolis, Marekani. Ana miaka 34. Kila mshahara ukiingia, sehemu yake inakatwa na kwenda kwenye akiba ya uzeeni ambayo kule wanaiita 401(k), na mwajiri anaongeza kidogo juu yake. Amepewa orodha ya mifuko achague. Ananiuliza: "Kaka, hapa kuna mfuko wa hisa za kampuni kubwa na mfuko wa hisa za kampuni ndogo. Wenzangu kazini wanabishana. Wewe unazungumza haya mambo redioni, niambie niweke wapi."

Kwa hiyo leo nawajibu wote wawili kwa pamoja, maana nimegundua wanauliza swali moja. Na kabla sijaendelea, mimi ni mtu wa redio, sina leseni ya ushauri kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ninachokupa ni mazungumzo. Fedha ni zako.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Sokoni, kampuni haiitwi kubwa kwa sababu ya ghorofa zake wala magari yake. Unachukua idadi ya hisa zake zote, unazidisha kwa bei ya hisa moja siku hiyo. NMB ina hisa milioni 500. Bei ikiwa shilingi 5,000, sokoni benki hiyo ina thamani ya trilioni 2.5. Chukua sasa benki ya jamii yenye hisa milioni 20, kila moja shilingi 400: hiyo ni bilioni 8. Hiyo ndiyo tofauti. Ya kwanza ni ng'ombe, ya pili ni kifaranga, na zote mbili zinaandikwa kwenye ubao mmoja wa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Soko hilo lilianza kuuza na kununua mwezi Aprili 1998. Kampuni ya kwanza kabisa kuorodheshwa ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni, na mpaka leo ni kampuni ndogo, na mpaka leo ipo. Mwaka huo huo ikaja TBL, kampuni ya bia, kwa shilingi 550 kwa hisa. Baadaye wakaja watu wa sigara, wa saruji, NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600, CRDB mwaka 2009, na Vodacom mwaka 2017 kwa shilingi 850, baada ya sheria kuyalazimisha makampuni ya simu kuuzia umma robo ya hisa zao. Kampuni zote zilizoorodheshwa pale, pamoja na zile za Kenya zinazouzwa pia kwetu, hazifiki 30. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Mwaka 2013 soko likafungua dirisha la pili kwa ajili ya kampuni changa zinazokua, zenye mtaji mdogo na historia fupi. Maendeleo Bank ndiyo iliyotangulia kuingia. Zikafuata nyingine, nyingi zikiuza hisa kwa shilingi 500, kwa hiyo watu wakaizoea bei hiyo kama nauli ya daladala. Benki ya Mwalimu iliingia mwaka 2015, na walimu wengi nchini, hata huku kwetu Muleba, walichangia kwa moyo, maana ilikuwa yao kwa jina na kwa asili.

Sasa turudi kwenye hati za mzee, na tuziangalie kwa utulivu, kwa sababu si kweli kwamba ile kubwa ilikuwa raha tangu siku ya kwanza. Hisa za CRDB zilipanda. Mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa nyongeza kwa shilingi 350. Halafu bei ikaporomoka, na kufikia mwaka 2019 ilikuwa chini ya ile 150 ya mwanzo. Fikiria: miaka 10 umekaa, na ukiuza unapata pungufu ya ulichoweka. Gawio la mwaka 2018 lilikuwa shilingi 8 kwa hisa. Kwa mzee hiyo ni shilingi 16,000, nauli ya Bukoba na chai. Angekuwa mtu wa hasira angeuza. Hakuuza, na nilipomuuliza kwa nini, hakunipa hekima yoyote. Alisema alikuwa amesahau hati iko wapi.

Mwaka uliofuata gawio likawa 17, kisha 22, kisha 36, kisha 45, kisha 50, na la mwaka 2024 lilikuwa shilingi 65 kwa hisa. Kwa hisa zake 2,000 hiyo ni shilingi 130,000 kwa mwaka, kabla ya kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye gawio la kampuni zilizoorodheshwa. Kumbuka aliweka 300,000. Na bei ya hisa yenyewe ikavuka mbali sana ile 150. Uvumilivu wa mtu aliyepoteza karatasi, msikilizaji, nao ni uvumilivu.

Usidhani basi kwamba kila kampuni kubwa inafanya hivyo. Walionunua Vodacom mwaka 2017 kwa 850 walikaa miaka kadhaa bei ikiwa chini ya hapo. Wenzetu Kenya wana Safaricom: iliuzwa kwa shilingi 5 za Kenya mwaka 2008, ikashuka chini ya 3, ikapanda mpaka karibu 45 mwaka 2021, na mwaka 2023 ikawa 12 hivi. Na wana Mumias, kiwanda cha sukari ambacho zamani kilikuwa fahari ya soko la Nairobi, mwaka 2019 kikaishia mikononi mwa msimamizi aliyewekwa na benki iliyokuwa ikikidai. Ukubwa unampa mtu muda wa kuona anguko likija. Hauzuii anguko.

Lakini jambo ninalotaka ulisikie vizuri ni hili. Mzee angetaka kuuza CRDB yake asubuhi hii, kabla ya mchana angepata mnunuzi. Bei ingeweza kumuudhi, lakini mnunuzi angekuwepo. Zile za mche, bei yake kwenye ubao imeshuka, lakini ipo. Ukisoma gazeti utaona ameandikiwa bado ana zaidi ya milioni moja. Milioni ya kwenye gazeti. Hakuna mtu anayeitaka.

Ndiyo maana nasema kwa soko letu swali la kubwa au ndogo si la kwanza. La kwanza ni: siku ya kuuza, nani atanunua? Na hata hapo usidanganywe na ukubwa. TBL ni kati ya kampuni zenye thamani kubwa kabisa sokoni, lakini sehemu kubwa ya hisa zake iko mikononi mwa mmiliki mmoja wa nje, na zinazobaki watu wanazikalia. Kwa miaka mingi bei yake ilisimama kwenye 10,900, haiendi mbele wala nyuma, kama saa ya ukutani iliyoisha betri. Kwenye ubao, hisa zinazobadilishana mikono kila siku ni za kampuni chache, CRDB na NMB zikiwa mbele. Nyingine zote, kubwa kwa ndogo, ni za mtu asiye na haraka.

Na mstaafu ana haraka. Hiyo ndiyo tabu. Kijana wa miaka 25 akifungiwa fedha miaka 6 analalamika tu. Mzee wa miaka 71 mwenye mke anayehitaji kupasuliwa jicho hana miaka 6 ya kulalamika.

Huku Kagera mambo haya tuliyapata kwa njia nyingine. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa siku moja kwa sababu mitaji yao ilikuwa imepungua kupita kiasi. Moja ilikuwa benki ya ushirika ya wakulima wetu, Kagera Farmers' Cooperative Bank. Waliokuwa na amana walilipwa na Bodi ya Bima ya Amana mpaka kikomo cha wakati ule, shilingi milioni 1.5. Aliyekuwa na zaidi ya hapo akaambiwa asubiri ufilisi. Na mwenye hisa? Mwenye hisa yuko mwisho wa foleni. Wakishalipwa wote ndipo anauliza kama kuna kilichobaki. Karibu miaka mitano baadaye, Desemba 2022, Benki Kuu iliiweka Yetu Microfinance chini ya usimamizi wake kwa upungufu wa mtaji na ukwasi. Hiyo ilikuwa imeorodheshwa sokoni tangu 2016, kwenye lile dirisha la kampuni changa. Sisemi haya kuwacheka. Benki ndogo huwafikia watu ambao benki kubwa hazina habari nao. Nasema tu kwamba fedha ya uzeeni ya mtu mmoja isiwe yote ndani ya chombo kimoja kidogo, hata kama chombo hicho kimebeba jina la kazi yake, la dini yake au la wilaya yake. Hasa kama kimebeba jina hilo, kwa sababu ndipo mtu anaposahau kuuliza.

Sasa Minneapolis. Dada yangu, kwako mambo ni tofauti, na tofauti yenyewe ndiyo inayowachanganya watu wetu wakisoma ushauri wa Marekani kwenye simu halafu wakaupeleka Dar es Salaam.

Mwaka 1981 mtafiti mmoja, Rolf Banz, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa hisa za soko la New York kwa miongo kadhaa. Aliona kwamba hisa za kampuni ndogo, kwa wastani, zilikuwa zimewapa wenye nazo faida kubwa kuliko za kampuni kubwa, hata baada ya kuhesabu hatari ya kawaida. Hapo ndipo ulipotoka usemi ule aliouziwa Mwalimu, wa mche na mti. Lakini angalia neno wastani. Banz hakununua kampuni ndogo moja. Alichukua kapu zima. Ndani ya kapu zipo zilizokufa, zipo zilizolala, na zipo chache zilizopaa mpaka zikafidia zote. Mfuko wa kampuni ndogo unaopewa wewe unaweza kuwa na kampuni hata 2,000. Soko letu zima halifiki 30, na hata ndani ya hizo karibu 30, ndogo unazihesabu kwa vidole. Mwalimu hakununua mfuko wa kampuni ndogo. Alinunua kampuni ndogo moja. Hivyo ni vitu viwili, na aliyemuuzia alijua au hakujua, shauri yake.

Na hata kapu zima la Marekani si dawa. Baada ya matokeo yale kujulikana, ile faida ya ziada ilififia. Kwa miaka 10 iliyoishia 2024, kampuni kubwa za Marekani, hasa zile za teknolojia, ziliziacha ndogo nyuma sana, mpaka saba za juu peke yake zikawa na uzito wa karibu theluthi ya kipimo cha kampuni 500. Mwaka 2008 kampuni kubwa zilipoteza asilimia 37 kwa mwaka mmoja. Ndogo zilipoteza kama theluthi. Mwaka huo aliyejificha kwenye kubwa hakupona. Kwa hiyo wenzako kazini wataendelea kubishana mpaka mstaafu, na kila mmoja atakuwa na miaka yake ya kukusimulia.

Mimi ningefanya hivi, na ni mawazo yangu. Ningekuta kwenye orodha mfuko wa soko zima, ningechukua huo na kunyamaza, kwa sababu ndani yake kubwa zipo nyingi kwa uzito wake na ndogo zipo kwa uzito wake. Ukikosa huo, kubwa ichukue sehemu kubwa, ndogo uipe kama moja ya tano, halafu kitu muhimu kuliko asilimia zote: angalia ada ya mwaka ya kila mfuko. Mfuko unaotoza asilimia 1 kila mwaka kwa miaka 30 unakula mali yako kama mchwa, na mchwa hawatoi risiti. Mlango wa kutokea kwako upo wazi kila siku ya kazi, mifuko hiyo inanunua tena kwa bei ya siku. Kwa hiyo hatari yako ni wewe mwenyewe: kwamba mwaka mbaya utakuja, utaona namba nyekundu, utauza.

Nilipomweleza hivyo Mwalimu, alicheka, akaninyooshea mkono kule nje. "Unanifundisha rweya?"

Kwa msikilizaji asiye wa huku: Mhaya ana kibanja, shamba la kuzunguka nyumba, migomba na kahawa na maharage, lenye samadi ya ng'ombe na nyasi za kufunika udongo tangu enzi za babu. Nje ya vibanja kuna rweya, mbuga ya majani yenye udongo mchovu. Huko watu, hasa kina mama, wanalima vipande, wanapanda njugumawe au mihogo, kisha wanaviacha vipumzike miaka. Rweya ikikubali, unajaza magunia. Ikikataa, umepoteza jembe na siku zako. Lakini hakuna mwenye akili aliyehama kibanja akaenda kuishi rweya. Na hakuna familia iliyoshiba vizuri bila kuwa na kipande rweya.

Nikadhani amemaliza somo. Akaongeza: "Lakini na kibanja usikiabudu." Akanionyesha upande wa chini wa shamba, mahali penye migomba michanga. Mnyauko ulipoingia nchini, mwaka 2006, ulianzia mkoa huu huu wa Kagera. Ugonjwa ule hauulizi kibanja ni cha babu au cha jana. Unaona jani linanyong'onyea, ukikata mgomba unatoka ute wa rangi ya njano, na dawa yake ni kung'oa na kuchoma. Aling'oa migomba yote ya upande ule. Kilichomwokoa ni kwamba kahawa ilikuwepo, na pensheni ilikuwepo, ingawa na pensheni nayo tunajua yaliyoipata. Neno kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, likitajwa mbele ya walimu unatakiwa uwe karibu na mlango.

Sasa wewe uliyeko Kamachumu, Izigo, Rubya, mkulima wa kahawa usiye na mwajiri wa kukukata mshahara, utauliza: na mimi kapu langu liko wapi? Mfuko wa kampuni ndogo peke yake kwetu si kitu cha kutafuta. Soko lenyewe halitoshi kuujaza. Tulicho nacho ni mifuko ya pamoja inayochanganya. Mfuko wa Umoja wa UTT ulianza Mei 2005, na humo fedha za watu wadogo wengi zinanunua hisa za soko la Dar es Salaam pamoja na hatifungani za serikali na amana za benki. Baadaye ikaja Wekeza Maisha mwaka 2007, ikafuata ya Watoto na ya Jikimu mwaka 2008, Ukwasi mwaka 2013, Hatifungani mwaka 2019, na sasa kuna wasimamizi wengine pia. Unanunua vipande kwa simu. Na siku ukitaka fedha, humtafuti mnunuzi wa kubahatisha kama Mwalimu. Msimamizi wa mfuko ndiye anayenunua tena vipande vyako, kwa thamani halisi ya siku hiyo, na fedha zinakuja ndani ya siku chache za kazi. Ule mlango ndio unaoulipia.

Tupige hesabu moja, Mwalimu atanisamehe kwa kutumia simu. Tuseme unaweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 20. Mfukoni mwako zimetoka milioni 12. Tuseme mfuko unakupa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, namba ya mfano, hakuna anayeahidi. Mwisho utakuta karibu milioni 38. Usishangilie sana, kwa sababu bei za vitu zikipanda asilimia 3 na nusu kila mwaka, milioni 38 za wakati huo zitanunua kitu kama cha milioni 19 za leo. Bado ni zaidi ya 12. Na bado ni fedha ambayo hukuifukia kwenye nyumba.

Naomba niseme kidogo kuhusu nyumba, maana nikiwa njiani nilihesabu. Kuanzia njiapanda mpaka kwa Mwalimu nilipita nyumba kubwa sita zenye vigae na geti la chuma, na ndani yake kila moja kuna mlinzi na mbuzi. Wenyewe wako Dar es Salaam. Wamejenga za kustaafia. Sina ubaya nazo, mtu ana haki ya kuzikwa kwao, lakini nyumba ya kijijini haipangishwi, na tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilipotikisika tuliona zinavyoweza kupasuka kwa dakika moja. Ukitaka kuuza, ni yale yale ya Mwalimu: oda iko kwenye ubao.

Na kuna adui mwingine ambaye hana jina zuri kuliko lile tulilo nalo sisi. Wakulima wa kahawa mnajua butura. Mkahawa umechanua, kuna ada ya shule, kuna msiba, anakuja bwana mwenye fedha mkononi anakununua ua. Msimu ukifika, buni ni zake. Mwaka 2024 bei ya kahawa ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani, na minada yetu nayo ikapanda, na yuko jirani yako alikuwa amekwisha kuuza ua. Kutoa akiba ya uzeeni kabla ya wakati ni butura. Marekani wanakutoza faini ya asilimia 10 ukizigusa kabla ya miaka 59 na nusu, juu ya kodi. Kwetu mfuko wa pamoja haukutozi faini ya namna hiyo. Unakuacha uende na ua lako.

Kwa hiyo dada yangu, nimekujibu. Msikilizaji wa Kamachumu, nawe nimekujibu kwa kadiri yangu: vipande vya mfuko kwanza, CRDB au NMB au nyingine inayouzika ikiwa una moyo wa kuitazama ikishuka, na kampuni ndogo uinunue kwa fedha ile ambayo ungeweza kumwazima shemeji.

Mwalimu bado. Jioni, nikiwa nimeshasimama kuaga, tulikubaliana auze hisa 1,000 za CRDB kwa ajili ya jicho la mama, na 1,000 zibaki. Mama mwenyewe alisema afadhali wangeuza mbuzi. Mzee akazikunja hati zake, ile ya benki akairudisha kwenye mfuko wa nailoni. Ile ya pili akabaki ameishika.

"Hivi wewe," akaniambia, "si una akaunti ya hisa? Huzitaki hizi? Nakupa kwa 200."

Nikacheka. Yeye hakucheka.